Miaka Ishirini na Miwili Nikiwauzia Waingereza Majina Yao

Juzi mjukuu wangu Salma alinisogezea simu usoni. "Bibi, look," akaniambia, "unaandika surname tu, inakupa history yote ya family." Kwenye kioo palikuwa na ngao, na juu ya ngao simba amesimama kwa miguu miwili, na maneno ya Kilatini chini yake. Alikuwa ameandika jina la mwalimu wake wa shule. Nikamwuliza, "Na huyo simba anafanya nini hapo?" Akajibu, "It's their coat of arms, Bibi."

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakanicheza mdomoni. Simba yule namjua. Nimemchapa mimi mwenyewe. Nimewauzia akina Turner, nimewauzia akina Baker, na siku printa ilipoishiwa wino mwekundu nilimuuza akiwa na rangi ya chungwa, na mnunuzi akanishukuru kwa moyo mkunjufu.

Basi nyinyi mliozaliwa Wembley na Harrow, mnaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, nisikilizeni kidogo. Nasikia siku hizi mkiandika maombi ya kazi mnayafupisha majina yenu ili yasimtishe mtu ofisini. Abdulrahman wa nyumba ya pili amekuwa Adam. Sawa, njaa haina adabu, simlaumu. Lakini msidhani kwamba hao mnaowaficha majina yenu wanayajua ya kwao. Hawayajui. Nimekaa nao kaunta miaka ishirini na miwili, nikiwauzia.

Duka letu lilikuwa kwenye barabara ya watalii, mwendo mfupi kutoka mtoni. Mtu anaingia, anataja jina lake la ukoo, nalibonyeza kwenye kompyuta, inatoka hati yenye historia ya ukoo wake na nembo yake. Akitaka, nembo hiyo hiyo tunamwekea kwenye kikombe, kwenye fulana, au kwenye kishikio cha funguo. Mwenye duka aliitwa Bwana Clive de Hollin. Hiyo "de" ilikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba wazee wake walikuja na yule mfalme kutoka Normandi aliyeiteka Uingereza. Mwaka wangu wa tatu ikaja barua ya serikali ya mambo ya pensheni, na juu yake imeandikwa Bwana Clive Hogg. Hogg ni jina la mchunga nguruwe. Nilimwekea mezani kimyakimya, nikaenda kupanga vikombe.

Mimi mwenyewe alinivalisha beji iliyoandikwa Zoe. Alisema wateja watashindwa kutamka Zuhura. Hao ni watu wenye jina linaloandikwa Cholmondeley na kutamkwa Chamli, na wakilisema hawaoni aibu hata chembe.

Kazi yenyewe ilikuwa na kanuni zake. Ya kwanza, usiseme hatuna. Jina likikosekana kwenye kompyuta, mtafutie mteja lililo jirani yake, simba atakuwa yule yule. Halafu, uza fremu kabla hati haijatoka kwenye printa, maana akishaisoma anaweza kurudiwa na akili. Na kubwa kuliko zote, wahenga wote ni watu wakubwa. Katika miaka yote ile sikuwahi kuchapa hati ya mtu ambaye babu yake aliiba kuku. Wote walipigana vita upande ulioshinda, wote walitunukiwa mashamba. Nikawa najiuliza, ikiwa wote walikuwa makabaila, hayo mashamba alikuwa akilima nani?

Karatasi tuliizeesha kwa chai. Unachemsha chai ya rangi nzito, unaiacha ipoe, unapitisha karatasi, unaianika ghalani mpaka ikunjamane. Siku za mwanzo nilitia sukari. Sikukusudia, ni mazoea tu; mtu wa Tanga mkono wake hauijui chai isiyo na sukari. Hati za akina Walker zikavamiwa na sisimizi. Mtalii mmoja aliwaona wakitembea juu ya nembo ya ukoo wake, akaniuliza kwa heshima kabisa kama na wao ni wa enzi zile. Nikamwambia ndiyo. Kanuni ya kwanza, usiseme hatuna.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Gwen Price, mwanamke wa Wales, mfupi, mkali, anayevuta sigara nyuma ya duka na kumtukana Bwana Clive kwa Kiwelshi mbele yake akitabasamu. Yeye ndiye aliyenieleza mambo ambayo hati zetu hazikuyasema. Kwamba zamani hao Waingereza walikuwa na jina moja moja tu, John, William, basi. Watu walipozidi, makarani wa kodi wakashindwa kumjua John yupi hajalipa, wakaanza kumwandika kwa chochote walichokiona. Anayekaa kilimani wakamwita Hill. Mfua chuma, Smith. Fundi wa mapipa, Cooper. Mwenye nywele za kahawia, Brown. Mtoto wa John, Johnson. Ndiyo asili yenyewe hiyo. Hakuna simba. Ni karani mwenye haraka na mtu mwenye deni la kodi.

"Na hizi nembo?" nikamwuliza.

"Nembo hupewa mtu mmoja," akasema Bi Gwen. "Yeye na watoto wake. Haipewi kila mtu mwenye jina kama lake. Tunachouza hapa, Zuhura, ni kama kumuuzia kila Athumani wa kwenu hati ya nyumba ya Athumani mmoja." Alikuwa peke yake dukani aliyeniita Zuhura, na hakupata taabu yoyote kulitamka.

Siku moja nilimsimulia yaliyonikuta uwanja wa ndege nilipoingia nchi hii. Afisa aliniuliza jina langu la ukoo. Mimi ni Zuhura binti Mbwana. Mume wangu, Mungu amrehemu, ni Salehe wa Juma. Mwanangu ni Hemedi wa Salehe. Yule afisa akatazama karatasi tatu zenye majina matatu ya mwisho, akatutazama sisi, akauliza, "Sasa nyinyi ni familia kweli?" Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, kwamba watu waliostaarabika wana jina moja la ukoo kwa nyumba nzima. Mpaka leo mimi kwenye vitabu vyao ni Bibi Mbwana, yaani natembea London nikiitwa baba yangu.

Bi Gwen aliizima sigara yake ukutani kwa hasira. "Unajua jina langu, Price, limetoka wapi? Ni ap Rhys. Ap maana yake mwana wa. Kwetu mtu alikuwa Huw ap Rhys ap Dafydd, anaendelea hivyo hivyo mpaka pumzi iishe. Na mwanamke alikuwa ferch, binti wa. Ndipo wakaja mahakimu wa Kiingereza, wakasema ni refu mno, wakakata hapo walipochoka kuandika."

"Sisi tunasema bin," nikamwambia. "Na binti."

"Basi yule afisa wako alikuwa anawacheka babu zake mwenyewe," akasema. Akaniambia pia kwamba Waayalandi nao walikuwa vivyo hivyo. Mac ni mwana wa, na ile O ni mjukuu wa. Walipotawaliwa, makarani wakazing'oa hizo Mac na O, na majina mengine wakayageuza Kiingereza moja kwa moja. Mwana wa mhunzi, wa damu ya Kiayalandi tangu dunia iumbwe, akaandikwa Smith kama mtu wa London. "Kwa hiyo," akasema, "ukisikia Smith, usibonyeze kwanza. Uliza Smith wa wapi."

Nilikuwa nikiuliza. Kwa miaka mingi niliuliza. Na walikuwepo wateja waliojua zaidi yetu. Alikuja mama mmoja wa Kijamaika kutoka Thornton Heath, jina lake Campbell, la Kiskoti. Bwana Clive akaruka mwenyewe kumhudumia, akamsomea habari za ngome na milima. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, mimi najua jina hili lilifikaje kwetu. Aliyekuwa nalo alimnunua bibi wa bibi yangu. Nipe kikombe. Nitawekea brashi ya choo." Bwana Clive akamfungia kikombe kwenye karatasi nzuri. Niliingia ghalani nikacheka peke yangu, nikatoka nikamwongezea mama yule kishikio cha funguo bure.

Lakini nisijifanye nilikuwa nawacheka wao tu. Kosa kubwa kuliko yote ya duka lile nililifanya mimi, kwa vidole vyangu hivi, mwaka wangu wa mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, mjini wamejaa mashabiki wa mpira, foleni imefika mlangoni. Bi Gwen alikuwa amekwisha kustaafu. Akaja mbele yangu mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la kazi la dereva wa basi. Akasema anaitwa Maureen Smith, na kwamba baba yake, Patrick, ni mtu wa Cavan huko Ireland, yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa Harrow, na anaanza kusahau.

"Kila alasiri anaomba apelekwe kwao," akasema. "Na mimi sijui kwao ni wapi."

Akanieleza haraka haraka, huku watu wakimsukuma mgongoni. Baba yake aligombana na babu yake akiwa kijana, akavuka bahari kuja kujenga nyumba za Waingereza, akaapa kwamba kwao hatapataja tena. Kiapo alikishika miaka sitini. Hasira ilipokwisha, kumbukumbu nayo ikawa inakwisha. Maureen alijua kaunti tu, na kwamba babu yake aliitwa Philip, kwa kuwa jina hilo liliandikwa kwenye cheti cha ndoa ya wazazi wake. Aliandikia makanisa ya huko. Mapadri walimjibu kwamba akina Patrick Smith mwana wa Philip Smith ni wengi kama kokoto, anamtaka yupi? Daktari alikuwa amemwambia kwamba maneno ya mzee yatakwisha kabla ya pumzi yake. Alikuwa na miezi michache ya kumpeleka mzee kwao angali anapajua.

Mwanamke yule hakuja kununua kikombe. Alisoma bango letu la mlangoni, "Jua Asili Yako", akaamini. Nilipaswa kumwambia, dada, toka humu, hapa hakuna ajuaye kitu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na Bwana Clive ananitazama. Nikabonyeza Smith. Nikamuuzia na fremu.

Siku tisa baadaye alirudi, hati imechanika, ameitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipande vya kioo. Sikuwa nimeisoma hati ile. Sasa nikaisoma. Ilisema akina Smith ni ukoo wa kale wa Kiingereza, wahunzi wa wafalme, na kwamba tawi lake moja lilivuka kwenda Ireland na majeshi ya mfalme, likatunukiwa ardhi ya wenyeji kwa utumishi wake.

"Aliisoma mwenyewe," akasema Maureen. "Kusoma bado anaweza. Akaniuliza, kwa hiyo na wewe unasema sisi ndio tuliowafukuza watu kwenye mashamba yao? Akaivunja kwenye ukingo wa kitanda. Tangu siku ile hajasema na mimi. Nikimlisha anafunga mdomo. Anageukia ukutani mpaka niondoke."

Nilisikia uso ukiniwaka moto. Nilijua. Bi Gwen aliniambia kwa mdomo wake. Mzee wa watu, ambaye wazee wake walinyang'anywa ardhi na jina kwa pamoja, nikamchapia hati ya kumwita mnyang'anyi, na nikaipaka chai ionekane ya kweli.

Bwana Clive alinyoosha shingo kutoka ofisini. "Hati iliyochapwa kwa jina la mteja hairudishwi," akasema. "Zoe, mpe kikombe."

Maureen akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. "Sitaki kikombe," akasema. "Nataka azungumze na mimi."

Jumanne, siku yangu ya mapumziko, nilipanda basi kwenda huko Harrow. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwambia mzee yule kwamba kosa si la binti yake.

Nyumba ile ya wazee ilikuwa safi na inanuka dawa ya sakafu. Mzee wa miaka themanini na minne wanamwita "Pat, darling". Kwetu mtu wa umri ule hata mkwewe hamtaji jina, na hapa msichana wa juzi anamwita mpenzi huku anampangusa kidevu. Maureen alinipeleka chumbani. Mzee Patrick alikuwa mwili mkubwa uliopungua, mikono ya mwashi, uso ukutani. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika ujinga ule, na mwanao hana hatia. Hakugeuka. Maureen akaanza kulia bila sauti, nikatoka nje nimwache na baba yake.

Ukumbini nilimkuta mama mmoja mhudumu akisukuma kigari cha chai. Alisikia namwambia mwanangu kwenye simu kwamba nitachelewa, akasimama. "Mama, iko nasema Kiswahili?" Ni mtu wa Bukavu, anaitwa Mama Furaha. Tukasalimiana kwa furaha, yeye na Kiswahili chake cha Kongo, mimi na changu cha Tanga. Nikamwuliza kama yule mzee huwa anasema chochote.

"Anasema, ehe! Kila siku saa ya chai. Iko naita batu batatu. Pat, Phil, Ned. Pat, Phil, Ned. Batu ya ofisi banasema ni marafiki yake ya kazi ya kujenga. Banaandika na kwa kitabu: anatafuta marafiki."

"Anawaita vipi? Kama anayemtafuta mtu?"

Mama Furaha akafikiri. "Hapana. Anasema kama mutoto ku masomo, mwalimu akimuuliza."

Nikasimama pale na kikombe cha chai mkononi. Pat ni yeye mwenyewe. Phil ni Philip, baba yake, na Ned bila shaka ni babu yake. Enyi watu wenye vyeti vya kutunza wazee! Mzee anataja jina lake kamili kila siku saa kumi za alasiri, na wao wanamwandika kitabuni kwamba anatafuta marafiki. Na bintiye naye amesikia miezi yote hiyo, na alizaliwa London, angejuaje?

Nikarudi chumbani. Sikumwuliza jina lake. Jina lake wameshamwuliza watu wengi mno. Nikavuta kiti nikakaa upande wa ukuta, pale alipoelekeza uso, nikamwambia, "Mimi naitwa Zuhura. Zuhura wa Mbwana, wa Hemedi, wa Athumani. Watu wa Chumbageni, Tanga, nyumba ya karibu na kisima. Na wewe ni nani, wa nani?"

Macho yake yalikuwa ya buluu yaliyofifia. Yakanitazama kwa mara ya kwanza.

"Pat Phil Ned," akasema.

"Pat wa Phil wa Ned," nikasema. "Mpo wengi huko akina Smith?"

"Wengi?" Akatoa sauti ya dharau ambayo mimi mwenyewe nisingeipita. "Kila ua lina Smith. Nani anamwita mtu Smith? Smith ni la polisi na la kwenye jiwe la kaburi." Kisha akatazama juu ya bega langu, alipokuwa amesimama Maureen, akamwambia, kama vile hakukuwa na siku tisa wala miaka sitini, "Nani huyu mwanamke? Anajua kuuliza."

Maureen alipiga simu kesho yake kwa padri mmoja aliyekuwa amemwandikia mara mbili. Alinipigia mimi mara tu alipomaliza, na nilimsikia anacheka na kulia kwa pamoja. Padri alikuwa amempigia kelele. "Pat Phil Ned? Yule wa juu kule, penye daraja la mawe? Dada yake Rose yupo kanisani kwangu kila Jumapili! Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Wewe ulikuwa unaniandikia habari za Patrick Smith!"

Nilimsimulia Bwana Clive, sijui kwa nini. Labda nilitaka aone haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakaanza kung'aa, akasema, "Zoe, hii inauzika. Hati ya majina matatu, na utepe wa kijani." Mwezi ule ule nilifikisha umri wa kustaafu. Nilichapa nembo ya akina Hogg kwenye kikombe, nikatia beji ya Zoe ndani yake, nikakiacha mezani kwake.

Maureen alimpeleka baba yake kiangazi kile kile, kwa meli na kwa gari, maana ndege zilimtia hofu. Alinieleza kwa simu jioni ya siku waliyofika. Alisema kadiri walivyokaribia ndivyo mzee alivyokuwa akikaa wima. Kwenye daraja la mawe akanyoosha mkono kuonyesha njia kabla hajaulizwa. Nyumba ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa, na mlangoni amesimama kikongwe mwenye fimbo mbili, na kaka yake aliposhuka garini hakumkumbatia, alimgombeza. Alimwuliza kama huko alikokwenda hakuna barua. Mzee akacheka. Akamtaja Rose kwa jina, akataja na mbwa aliyekufa kabla Maureen hajazaliwa. Alikuwa amefika kwao, na alipajua.

Ndipo akageuka, akamwona Maureen amesimama nyuma ya gari na mabegi. Akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Rose," akauliza, "na huyu mwanamke ni nani?"

Maureen aliyaweka mabegi chini kwenye majani. Miezi yote ile alikuwa akishindana na wakati ampeleke baba yake kwa watu wake, na sasa amemfikisha, na yeye mwenyewe hayumo tena. Aliniambia alifikiria kurudi ndani ya gari.

Lakini Rose hakumpa nafasi. Rose, ambaye alikuwa hajaiona hata picha ya Maureen, alimpiga kaka yake fimbo ya mguu, taratibu.

"Acha upumbavu," akasema. "Huyo ni Maureen Pat Phil Ned. Mpishe aingie."

Maureen aliniambia aliyainua mabegi, akaingia. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, jina lake kwenye pasipoti na kwenye leseni ya basi, na ndiyo kwanza ameitwa.